Glavu Isiyo na Tundu

Mithika alikuwa na njia yake ya kupima glavu. Aliipuliza ikavimba kama kiwele, akaiminya karibu na sikio, na isipotoa pumzi alitangaza: "Hakuna tundu. Dawa itapita wapi?" Kisha alivaa glavu hizo nyembamba nyeupe, za aina wanayovaa wauguzi, akaenda kunyunyizia kahawa.

Mkewe, Kaari, alikuwa amechoka kubishana naye. Katika mafunzo ya wakulima pale Githongo, afisa wa kilimo alieleza kwamba dawa nyingine hupenya mpira polepole bila kuutoboa. Glavu huonekana nzima huku mkono ukinywa sumu. Mithika alihudhuria pia, ila alisinzia tangu maombi ya kufungua. Na kila alipotoka kunyunyiza, vidole vilimwasha, akalaumu sabuni.

"Sabuni hiyo hiyo naoga nayo mimi," Kaari alimwambia.

"Wewe ngozi yako ni ngumu, Mama Kithinji."

Maneno hayo yalimchoma. Jumamosi mchana alichomoa glavu mpya kwenye pakiti ya mumewe, akaitilia vijiko viwili vya vanila ya keki na kuifunga fundo. Akaiosha upande wa nje mpaka haikunuka chochote, akaifuta, akaitumbukiza kwenye mfuko wa ndani wa koti la Mithika la kanisani.

Mithika alikuwa mzee wa kanisa, yule anayesoma matangazo na kuwakazia macho wanaotafuna chingamu. Jumapili hiyo alisimama mbele, jua likimpiga mgongoni kupitia dirisha, na viti vya mbele vikaanza kunusanusa. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, keki iko wapi?" Kaari akaficha uso nyuma ya kitabu cha nyimbo, mabega yakimtetemeka.

Ibada ilipokwisha, Gladys wa kwaya alimsogelea Mithika. "Mzee, kama kuna harusi, mbona hatukualikwa?"

Mithika akanusa mkono wa koti. Akapapasa mifuko. Akaitoa glavu mbele ya kwaya nzima.

"Mama Kithinji! Hii ni nini?"

"Glavu yako, Baba Kithinji. Tafuta tundu."

Aliigeuza. Akaiminya. Akaiinua juani. Nje ilikuwa kavu kabisa, na bado ilinukia.

"Haina," akasema kwa shida.

"Basi vanila imepita wapi?"

Mithika akairudisha glavu mfukoni. Akatangulia njia ya nyumbani kwa hatua ndefu, na Kaari akaanza kuogopa kwamba mzaha umevuka mpaka. Lakini Jumatatu asubuhi alimkuta mumewe amevaa miwani, akisoma karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa, mstari kwa mstari, kwa mara ya kwanza maishani. Baada ya chai akaenda Meru mjini.

Alirudi na glavu nzito za kijani, zinazofika karibu na kiwiko. Jozi mbili.

"Za pili ni za nini?" Kaari akauliza.

"Ovaroli yangu ya kunyunyizia unaifua umevaa nini mikononi?"

Kaari akatazama viganja vyake. Miaka yote hiyo alikuwa akiifua kwa mikono mitupu, na katika hila zake zote hakuwahi kujifikiria mwenyewe.

"Vaa," Mithika akasema, akimnyooshea. Zilikuwa kubwa mno, vidole vikining'inia, na mzee wa kanisa akacheka mpaka akashika mlango.