Mke wa Mwenyekiti wa Kitongoji

Kikombe cha bati kiligonga ubao wa kitanda, upande wa pili wa ukuta. Kikatulia. Kikagonga tena, polepole, kana kwamba mkono ulioshika umesahau ulichotaka.

Hadija alikuwa macho. Alizima mwanga wa simu, akaiacha aya ya ugatuzi wa madaraka ikining'inia katikati, akapapasa kandambili gizani na kupita chumba cha pili kwa mavyaa wake, Bi Salima.

"Abee, mama."

"Kumekucha?"

"Bado. Adhana haijatoka."

"Maji basi."

Alimwinua. Mgongo wa Bi Salima ulikuwa mwepesi mno, mbavu zikihesabika kwa kiganja. Alikunywa mafunda mawili, mengine yakamtiririka kidevuni. Tangu walipomleta Kibiti kutoka deltani, kwa boti mpaka Nyamisati kisha kwa bajaji ya kukodi, alikuwa akipungua hivi hivi. Daktari alisema moyo umechoka, mpeni anachokipenda. Anachokipenda hakikuwa chakula.

"Leo Swaumu anakuja," alisema. "Na Sheikh Yassin."

"Najua, mama."

"Utasema?"

Hadija alimfuta kidevu kwa ncha ya kanga. "Mama, kesho nina mtihani. Ule wa mwisho kabisa. Nikisharudi…"

"Mwaka jana ulisema ukimaliza muhula. Kabla yake ulisema ukimaliza kidato cha nne, yale masomo yenu ya jioni." Alivuta pumzi, ikakwama, ikapita. "Sikulaumu, mwanangu. Ila mie muhula wangu ndio huu."

Kilichotakiwa kusemwa kilikuwa kifupi. Haruni, mtoto wa Bi Salima na mume wa Hadija, alikuwa mwenyekiti wa kitongoji chao kule deltani, ngazi ya chini kabisa ya serikali, kazi isiyo na mshahara wala ofisi. Ofisi yake ilikuwa baraza la nyumba. Mwaka ule mbaya, viongozi wa vijijini walipokuwa wakiuawa na watu wengine wakipotea, alikaa barazani hapo jioni akigawa vyandarua vya wajawazito. Wakaja wanaume wawili. Hawakujitaja. "Mwenyekiti, tunakuomba kidogo." Haruni alivaa viatu. "Nakuja sasa hivi," alimwambia mkewe, aliyekuwa na mimba ya Zawadi. Kesho yake Hadija ndiye aliyemalizia kugawa vile vyandarua, kwa sababu watu walikuja na hakujua awaambie nini.

Wako waliosema alichukuliwa na hawa. Wako waliosema na wale. Wengi hawakusema.

Hadija, mtoto mgongoni, alipanda kutoka ofisi moja hadi nyingine. Kila meza ilimwambia kwa upole kwamba suala lake ni la ngazi nyingine. Akajiuliza ngazi ziko ngapi, na nani yuko juu ya nani. Ndipo alipohamia Kibiti na kuingia masomo ya jioni chini ya Mwalimu Bernadeta, mama mmoja wa Kihehe asiyejua kukata tamaa, kisha chuo kikuu kwa njia ya masafa, shahada ya siasa na utawala. Mchana alisuka ukili na kushona mikeka ya kuuza, usiku alisoma. Mtihani wa kesho ulihusu mifumo ya siasa na utawala wa nchi, na miaka aliyoruhusiwa na chuo ilikuwa inakwisha. Anayeukosa anarudi mwaka wa kwanza.

Na aliyefiwa na mume hatoki nyumbani. Miezi minne na siku kumi za eda.

Swaumu alifika jua limeshapanda, dada yake Haruni, na kikapu cha kamba wakavu kichwani na sauti iliyomtangulia uani.

"Hodi kwa Mheshimiwa! Au tukate tiketi kwanza?"

"Karibu, wifi."

"Nishakaribia. Mgonjwa yukoje?" Hakungoja jibu. Aliweka kikapu, akaitazama simu ya Hadija iliyoegeshwa kwenye kinu, ukurasa ukiwa wazi, na ukili ulioning'inia mapajani mwake. "Wee! Mkono unasuka, jicho linasoma. Wanawake wenzio wakipotelewa huolewa tena. Wewe umeolewa na chuo."

"Chuo hakinipigi, wifi."

Swaumu alicheka bila kutaka, kisha akaondoa cheko lake. "Mama anakufa, Hadija. Anataka mwanawe aswaliwe kabla hajaondoka. Ni hilo tu. Hakuna anayekunyang'anya nyumba, hakuna anayekunyang'anya mtoto."

"Sijasema mnaninyang'anya."

"Basi sema neno."

Sheikh Yassin alikuja baadaye, mtu mzima mpole mwenye pumu, akakaa kwenye mkeka mpya ambao ulikuwa bado haujapata mnunuzi. Alieleza kwa mara nyingine, akimtazama Hadija usoni kama mtu anayemweleza aliye sawa naye. Aliyepotea ni hai mpaka ahukumiwe vinginevyo. Anayepeleka ombi ni mke. Kadhi amekwishaambiwa, anangoja simu tu. Hadija akitamka mbele ya mashahidi, hukumu itatoka leo hii, na usiku watasoma hitima. "Siwezi kumswalia mtu ambaye mkewe anasema yu hai," alisema. "Nitakuwa namzika mzima."

"Na nikitamka leo, eda ni leo."

"Ni leo, mwanangu. Inaanza na hukumu."

"Anayekaa eda anaruhusiwa kutoka kwa dharura, sheikh."

"Anaruhusiwa. Hospitali. Mahakamani. Kutafuta riziki kama hana wa kumletea."

"Mtihani?"

Sheikh alikohoa, akatafuta dawa yake ya kuvuta mfukoni, akaivuta, akaishikilia pumzi. Swaumu aliinua nyusi.

"Sikuwahi kuulizwa," alisema hatimaye. "Nikisema ndiyo, nitakuwa nimekurahisishia. Nikisema siyo, nitakuwa nimekufungia. Siijui dharura yako. Wewe unaijua?"

Hadija aliinamisha kichwa. Mwaa mmoja wa kusukia ukili ulikuwa umeisha mkononi mwake na alikuwa hajachomeka mwingine. Je, ni dharura? Alitaka kusema ndiyo. Alitaka kuwaambia kwamba kila alipofungua somo jipya alifungua mlango wa jengo lenye vyumba asivyovijua, na maadamu kimebaki chumba, huenda ndani yake iko meza, na nyuma ya meza mtu anayejua alipo Haruni. Hilo si jambo la kumwambia sheikh. Hata Mwalimu Bernadeta hakuwahi kumwambia.

"Nipeni mpaka alasiri," alisema.

Zawadi alirudi kutoka shule na soksi zimejaa vumbi. Alikula wali na kamba wa shangazi yake, akanawa, akamfuata mama yake chini ya ukingo wa paa ambako kivuli kilikuwa kimebaki kidogo. Kumuuliza mama maswali ilikuwa kazi yake tangu alipojua kusoma. Aliishika simu kwa mikono miwili na kutoa sauti ya mwalimu.

"Taja ngazi za utawala kuanzia chini."

"Kitongoji, kijiji, kata, tarafa, wilaya, mkoa, taifa."

"Vizuri, kaa chini. Nini tofauti ya… ya serikali kuu na serikali za mitaa?"

Hadija alijibu. Vidole vyake vilikwenda peke yake, mwaa juu, mwaa chini, ukili ukirefuka na kujikunja miguuni. Ndani, Swaumu alikuwa akimsugua mama yake mafuta ya nazi, wakinong'ona Kindengereko. Kwa muda mfupi ilikuwa siku ya kawaida kabla ya mtihani.

"Nafasi ya mwenyekiti wa kitongoji huwa wazi lini?"

"Akifariki. Akijiuzulu. Akihama makazi. Akiacha kuhudhuria vikao bila taarifa."

Zawadi alilinganisha na kilichoandikwa, kidole kikitembea kwenye kioo. Kisha akainua macho. Hakuwa tena na sauti ya mwalimu.

"Baba ni ipi?"

"Ipi nini?"

"Hapa. Kati ya hizi nne. Baba si alikuwa mwenyekiti?"

Vidole vya Hadija vilisimama.

Aliijua. Kule deltani, mwaka wa pili baada ya Haruni kwenda, wanakitongoji walikutana wakamchagua mwingine, maana mambo ya watu hayawezi kungoja. Katibu aliandika sababu, na sababu iliyokuwapo ilikuwa moja tu. Haruni hakujiuzulu. Hakuhama. Kufariki, mkewe alikataa mbele ya mkutano mzima, akisimama na mtoto akinyonya: "Mume wangu yu hai." Basi wakaandika ya nne. Ameacha kuhudhuria vikao bila taarifa. Siku ile aliona ameshinda.

Haruni, ambaye alitembea na homa kwenda kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa mashamba ya mpunga. Haruni, ambaye mafuriko yalipokuja alikuwa wa mwisho kupanda mtumbwi. Kwa miaka yote hii alikuwa ameandikwa kuwa mtu aliyeacha watu wake akaenda zake. Aliyemweka hapo ni Hadija, kwa kumpenda.

"Mama? Unaniumiza."

Alikuwa amemshika mtoto mkono. Aliuachia, akausugua.

"Nenda kwa bibi," alisema. "Mwambie nakuja."

Akabaki peke yake kidogo. Alifikiria basi la asubuhi, ukumbi wenye madawati yaliyopangwa mbalimbali, karatasi ya maswali ikiwa imelazwa kifudifudi. Angefaulu, alijua kwamba angefaulu. Na baada ya hapo? Vyumba vya jengo lile alikwishavipita vyote. Alikuwa amefika hadi ngazi ya juu kabisa kwenye mchoro, na hakukuwa na meza.

Ila shahada ilikuwa shahada. Kibiti kulikuwa na nafasi za watendaji wa vijiji, Mwalimu Bernadeta alishamwambia, na mshahara, na Zawadi kusoma mpaka atakapotaka mwenyewe. Hilo halikuwa ndoto ya mjinga. Angeweza kwenda, akarudi kesho jioni, akatamka. Siku moja tu.

Kikombe kiligonga ubao. Hakikugonga mara ya pili.

Hadija alisimama haraka hata ukili ukamnasa mguuni. Bi Salima alikuwa bado anapumua, macho kwenye mlango, kikombe kimeanguka kwenye blanketi. Swaumu alikuwa amemshika bega. Sheikh Yassin, aliyekuwa amerudi na jirani mmoja wa kushuhudia, alisimama kizingitini bila kukaribishwa.

Hadija alipiga magoti kando ya kitanda. Sauti ilitoka safi, ile ile aliyojibia maswali uani.

"Mimi Hadija, mke wa Haruni bin Gharibu. Mume wangu alichukuliwa nyumbani, hakurudi. Hakukimbia, hakumwacha mtu. Naomba ahukumiwe kuwa amefariki."

Halafu Swaumu, ambaye alikuja na neno hili kinywani kutoka Nyamisati, ambaye alilidai miaka kwa utani na kwa matusi, alianguka chini kwa uzito wake wote.

"Kaka yangu! Jamani, kaka yangu! Ameniulia kaka yangu!"

Aligaragara sakafuni kama aliyepata habari dakika ile, na pengine ndivyo ilivyokuwa. Jirani alimshika, akashindwa. Hadija alibaki alipokuwa, mkono wa Bi Salima ndani ya mkono wake. Mkono ule haukubana. Baadaye, sheikh alipotoka nje kupiga simu na kilio cha Swaumu kilipokuwa kwikwi, bibi aliomba uji. Aliumaliza wote.

Usiku waliswali sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwapo, wakasoma hitima uani, wanaume wachache wa mtaa na watoto wa madrasa, juu ya mikeka iliyokuwa ya kuuza. Ilisomwa kwa sauti ya chini, lakini dirisha la Bi Salima lilikuwa wazi. Hadija, ndani, alikuwa amevaa kanga nyeupe aliyoazima kwa jirani. Hereni alimpa Zawadi amtunzie. Simu ilikuwa ikiwaka na kuzima juu ya sanduku: wanafunzi wenzake kwenye kundi lao, kutoka Mafia, Nyamwage, Lindi, wakitakiana heri. Mwalimu Bernadeta aliandika ujumbe wa peke yake: *Hadija binti yangu, lala mapema, kesho ni siku yako.* Hadija aliusoma. Alianza kuandika jibu, akalifuta, akaanza tena, akaigeuza simu kioo chini.

Alitegemea kwamba neno likishatoka kitu kitaanguka, au kitainuka. Palikuwa na harufu ya ubani tu, na pumzi ya mgonjwa, na uchovu.

Alfajiri honi ya pikipiki ililia nje. Hadija alishtuka kutoka kwenye usingizi mfupi, akafikia kanga ya kutokea kabla hajakumbuka. Alikuwa Saidy, bodaboda aliyemwagiza tangu wiki iliyopita amuwahishe stendi. Katika msukosuko wa jana hakuna aliyefikiria kumwambia.

Honi ililia tena. Swaumu alikuwa amelala miguuni pa mama yake, mdomo wazi, uso umevimba. Bi Salima alipumua, akanyamaza, akapumua. Hadija aliketi kwenye ukingo wa kitanda, miguu kwenye sakafu ya baridi, ameutazama mlango.

Zawadi aliamka. Alimwangalia mama yake, hakuuliza. Akajitanda kipande cha kanga, akavuta komeo kwa mikono yote miwili, na mwanga wa taa ya pikipiki ukampiga usoni.

"Ee, mtoto, shikamoo huna?" Saidy aliita juu ya mngurumo, akiwa na furaha ya mteja wa kwanza. "Mwambie mwanachuo wetu afanye haraka, basi halimngoji mtu!"

Mtoto alitoka mpaka kwenye ngazi ya baraza, akasubiri Saidy azime injini.

"Mama hatoki leo, baba amekufa."