Usi

Jumamosi saa tatu asubuhi, Fundi alifungua boneti ya gari la marehemu baba yake, akapangusa injini kwa tambara, akaifunga, kisha akamwambia mama yake akaze mkanda. Lilikuwa gari dogo la milango minne, rangi ya maziwa, lililotengenezwa kwa safari za kwenda sokoni na kurudi. Baba mtu ndiye aliyelifungia tabo iliyotoka kwenye lori. Tabo ni feni inayoshindilia hewa ndani ya injini, na mzee alikuwa na sababu zake za kuitaka. "Mimi pumzi sina," alisema siku alipokaza boliti ya mwisho, "basi hata gari iwe nayo."

Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akifunga mifuko kwenye kiwanda cha saruji. Alipoanza kuumwa kifua, sentensi zake zilianza kufupika. Mwanzoni alikuwa anasema maneno tisa, anavuta pumzi, anaendelea. Mwaka uliofuata yakawa sita. Kisha manne, kisha mawili, na watu wa nyumbani wakajifunza kumsubiri kama mtu anavyosubiri chai ipoe. Mchana wa mwisho alimtazama mkewe na kusema, "Usi..." Pumzi ikaishia hapo.

Basi mjane akaachiwa usi. Neno likianza hivyo, mtu hungojea katazo: usiende, usiuze, usisahau. Asiyejua amekatazwa nini hana budi kujizuia na kila kitu, na mama huyu alijizuia kwelikweli. Kwa miaka miwili hakuuza gari, hakusogeza kiti cha uani, hakupaka ukuta rangi, wala hakumjibu mshona viatu mgane wa nyumba ya tatu, aliyekuwa akimjulia hali mara nyingi kuliko ujirani unavyodai. Hakutia saini barua ya kiwanda pia. Barua hiyo ilieleza, kwa heshima zote, kwamba mapafu ya marehemu yalikuwa mabovu tangu kuzaliwa, na chini ilikuwa imeacha mstari wa nukta kwa ajili ya jina lake.

Wiki moja kabla ya Jumamosi hiyo, Fundi alikuwa akirekebisha tabo, kazi ambayo baba yake hakuwahi kuimaliza. Kipimo cha presha kilipofika nusu, alimsikia mzee akipumua kwenye matundu ya hewa ya dashibodi. Kikohozi alikifahamu. "Mama," mzee alimwita Fundi, kama alivyozoea kumwita binti yake, na presha ilipopungua akanyamaza. Fundi aliandika namba hiyo kwenye daftari lake la kazi, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaenda kumwarifu mama yake. Mama aliuliza jambo moja tu: kama presha ikiongezwa, atamaliza kusema?

Fundi alimjibu kwamba inawezekana, lakini hewa haiongezwi peke yake. Ukiongeza hewa, na petroli uongeze, la sivyo moto unakuwa mkavu na pistoni zinayeyuka. Petroli nayo ikizidi, gari linatoa moshi mweusi na kuchoka. Na zaidi ya hapo, injini ile ilikuwa ya sokoni. Presha ikivuka moja na nusu ingepasuka, na mzee asingekuwa tena na mahali pa kupumulia. Mama alisema sawa, waende polepole.

Polepole haikuwezekana. Tabo haijai hewa gari likiwa limesimama, inataka mzigo, na mlima pekee mrefu wa kutosha ulikuwa ule unaopanda hadi kwenye geti la kiwanda. Fundi aliweka kompyuta iliyounganishwa na injini mapajani mwa mama yake, akaingiza gia ya tatu, akakanyaga mafuta. Presha ilifika nane ya kumi.

"Usi..." alisema mzee, akakohoa.

"Nipo," alisema mama. "Hatukimbizwi na mtu."

Waligeuza, wakashuka, Fundi akaongeza hewa na petroli, wakapanda tena. Ikafika moja, na mzee akarudia usi ile ile. Mara ya tatu Fundi alipeleka moja na tatu ya kumi. Katikati ya mlima kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli kikaanza kuonyesha ukavu, na yeyote mwenye akili angeachia mafuta. Fundi alimwelekeza mama yake abonyeze kitufe cha petroli, mara mbili, na tena mara moja. Moshi mweusi ulitoka nyuma kama wa tanuri, injini ikapata nguvu, na walipolikaribia geti mzee alisema kwa sauti ya ujana wake:

"Usingizi umenishika, mke wangu, nisogezee mto."

Maneno sita, bila kituo. Fundi alisimamisha gari.

Mama alicheka, akalia, akacheka tena. Alimpenda mumewe sana kwa wakati ule, na alimkasirikia kidogo.

"Miaka miwili," alisema. "Kumbe mto."

Mlinzi wa geti alitoka kibandani mwake. Alikuwa amefanya kazi na mzee tangu zamani. Akasikiliza ile sauti kwenye dashibodi, akainama dirishani na kumkumbusha mzee kwamba zamu yake ilishaisha. Kwenye kitabu cha wageni aliandika: gari moja, watu watatu. Kisha akaleta bahasha iliyoachwa na ofisi. Ilikuwa ni barua ile ile.

"Hakukukataza, mama, umesikia mwenyewe," Fundi alimwambia.

"Nimesikia. Zamani ilikuwa usi, leo ni si." Akairudisha bahasha mikononi mwa mlinzi. "Sisaini."

Mlinzi alisema ataifikisha, ila Jumatatu wataituma nyingine. Na Jumatatu waliituma.

Wiki hiyo mama alisogeza kiti cha uani, akanunua rangi ya ukuta, akamwambia mshona viatu kwamba yeye ni mzima, na yeye je? Jumamosi alikuja na mto wa kitandani, ule wa upande wa ukutani, akauweka juu ya dashibodi. Fundi alirudisha presha hadi tatu ya kumi, maana anayelala hahitaji pumzi nyingi, na petroli akaipunguza kwa kiasi hicho hicho. Walipanda mlima kwa gia ya pili, mzee akikoroma taratibu. Getini mto ulikuwa na bonde la kichwa na vumbi jeupe. Mama aliutoa dirishani, akaukung'uta, kama alivyoukung'uta kila asubuhi kwa miaka ishirini na tisa. Vumbi likaenda kukaa kwenye geti pamoja na lingine.

Mlinzi alisogea, akachungulia, akapunguza sauti.

"Leo mzee wetu kalala," alisema. Akashika mlango wa gari, akavuta pumzi. "Basi mrudishe polepole, binti."

Fundi hakuweza kujizuia kuhesabu maneno. Manne, kisha manne. Akamwitikia, akageuza gari, wakashuka polepole kama walivyoagizwa.