Sanduku la Polka

Zdenka Hanáková alikuwa na rekodi arobaini na tatu za konseto ya mtunzi Dvořák ya selo, lile fidla kubwa linalopigwa mtu ameketi, na hakuna hata moja aliyoinunua bila kuichomoa kwanza kwenye jalada lake. Ndiyo ilikuwa sheria yake, na wenzake wa soko la santuri la Jumamosi pale mjini Brno, nchini Czech, walimtania nayo kila wiki. Sahani aliishika ukingoni kwa viganja, akaielekeza dirishani kutafuta mikwaruzo, akasoma namba zilizochorwa karibu na kibandiko, kisha akanusa. Ndiyo, alinusa. Akifika nyumbani aliisikiliza na kuipa maksi daftarini, na kwa kila kikohozi kilichosikika kutoka ukumbini alikata maksi moja. Watu wanaokohoa katikati ya muziki alikuwa hawataki hata kuwasikia, na kuwasikia ndiko walikomlazimisha.

Lakini ile aliyoitaka hasa hakuwa nayo. Kaka yake, Jaromír, aliipiga konseto hiyo ukumbini mbele ya watu masika ya mwaka 1968, mama yao akiwa safu ya tatu, na mafundi wakairekodi. Agosti vifaru vya kijeshi vya Wasovieti vikaingia nchini. Jaromír akavuka mpaka na selo yake mgongoni, asiage mtu. Sahani zilitoka kiwandani Septemba, wakubwa wa serikali wakiwa bado hawajapata habari kwamba ametoroka. Walipoipata, zikaondolewa madukani wiki ileile zikasagwa. Jaromír mwenyewe hakuwahi kuisikia. Mama alinunua moja siku ya kwanza, ila kila Zdenka alipomuuliza alijibu, "Waliichukua," na mdomo anafunga. Uhuru wa kusema ulipokuja, kumbukumbu zilikuwa zimeshamtoka mama wa watu.

Miaka michache baadaye, mwezi wa Aprili, mama akafa. Jaromír alikuwa amelazwa huko Kanada kwa maradhi ya kutetemeka mikono, hakuja kuzika. Sasa ilikuwa mwisho wa Oktoba, na alikuwa anakuja kwa Siku ya Marehemu kuwasha mshumaa kaburini. Kwenye simu alisema, "Zdenka, mimi sitapiga tena. Ningependa tu kujua kama nilikuwa mzuri. Watu waliniambia. Mwenyewe sijui."

Siku tatu kabla ya kaka kufika, akasafisha kabati la mama ili mgeni apate pa kutundika koti. Alipobandua karatasi ya chini akakuta jalada la sahani. Jina la Jaromír, picha ya Jaromír na nywele zake zote. Akaingiza mkono ndani. Patupu.

Mkusanyaji yeyote wa nchi ile angeelewa palepale. Miaka ile sahani iliyopigwa marufuku haikukaa kwenye jalada lake. Ilivalishwa jalada la kitu ambacho polisi hana haja ya kukitazama mara mbili: hotuba za chama tawala, au bendi ya matarumbeta. Na mama alikuwa na sanduku zima la polka, muziki wa dansi wa matarumbeta. Na sanduku hilo Zdenka alikuwa amelitoa nyumbani wiki moja baada ya mazishi, bila kuchomoa hata sahani moja. Azitazame za nini? Polka, yeye na masikio yake yale? Mtu asiyenunua sahani bila kuinusa alikuwa amegawa sahani thelathini nzima akiwa na macho yake mawili. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuja na mizigo yake yote.

Tena alimpa nani? Mzee Kocourek wa ghorofa ya pili, aliyepuliza tarumbeta kubwa kwenye bendi ya wazima moto miaka arobaini. Na alimwambiaje? "Chukua takataka hizi, wewe ndiye wa kuzisikia." Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Zdenka alikaa kitandani kwa mama akalia, kisha akanawa uso akashuka ngazi.

Mzee Kocourek alifungua mlango na kisu cha viazi mkononi.

"Bi Zdenka. Umekuja kuchukua takataka zingine?"

"Nimekuja kukuomba radhi, mzee."

"Basi kuna jambo kubwa. Ingia. Viatu vua."

Akamweleza yote, mzee akiendelea kumenya viazi vyake kama hasikii. Kisha akasema, "Kuna moja haina polka. Juu imeandikwa nyimbo za wawindaji, ndani kuna mtu anakuna selo."

Zdenka akashika meza. "Bado unayo?"

"Nilitaka kukuletea mwezi wa tano. Nikafika mpaka mlangoni kwako, nikalikumbuka lile neno lako, nikageuza." Akatupa ganda la kiazi. "Nikaanza kuisikiliza mwenyewe. Mara ya kwanza nikasema, huyu anaanza lini? Wenzake wanapiga wee, yeye kakaa tu. Mara ya pili nikamngoja. Sasa ni kila Jumapili baada ya supu. Kwa hiyo siitoi, Bi Zdenka. Ulinipa kwa mkono wako."

Hasira zilimpanda Zdenka, akazimeza. "Mzee, kaka yangu hajawahi kuisikia."

Kisu kikasimama. "Hajawahi? Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Na mimi nimemsikia mara ishirini na tano." Mzee aliona haya, ikaonekana kabisa. Akafuta mikono kwenye aproni. "Haya. Masharti mawili. Siku atakayoisikia na mimi niwepo. Na sasa hivi utakaa hapo usikilize polka moja mpaka mwisho, bila kukunja uso."

Zdenka akakaa. Uso aliukunja mara moja tu, na Kocourek akaihesabu. Mguu wake ulifuata mdundo kidogo, lakini hilo ukimuuliza leo atakukatalia katakata.

Siku ya Marehemu walirudi kutoka makaburini na baridi miguuni. Zdenka akaandaa kahawa na keki za mbegu za afyuni, zile za kwao zisizolevya. Jaromír alikaa kwenye kiti cha mama, amekondeana, mikono ameikalia ili isitetemeke. Kocourek alikuja amevaa tai shingoni. Sindano ya gramafoni ikashuka.

Okestra ikapiga, ikapiga. Jaromír alikuwa amekodolea macho zulia.

"Vumilia," Kocourek akamwambia. "Anachelewa huyo, lakini akija amekuja."

Jaromír akacheka kidogo, na hapo selo ikaingia. Zdenka alisahau daftari lake mapajani. Kijana wa miaka thelathini na mbili alikuwa chumbani mwao, hana woga na hana ugonjwa.

"Nilikuwa naharakisha," Jaromír alisema baada ya muda.

"Huharakishi," Kocourek akasema. "Mimi ni mtu wa polka, bwana, sina sababu ya kukusifu. Nimekusikia mara ishirini na tano, na Jumapili hii nakusikia tena."

Jaromír aliitikia kwa kichwa, na machozi hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa chini yake.

Sehemu ya kwanza ikaisha. Kabla ya ya pili kuanza ukumbi ulinyamaza, na Kocourek akanyanyua kidole.

"Sasa anakuja yule mwenye kifua."

Mtu akakohoa ukumbini. Mara tatu, kikohozi kikavu, na mwisho pumzi ikapiga mluzi mwembamba. Mluzi ule uliokuwa ukiwaamsha wangali wadogo, wa mwanamke aliyevuta vumbi la kiwanda cha sufu tangu usichana wake.

Ndugu wawili wakatazamana. Selo ilishaanza tena na hakuna aliyeisikia.

"Rudisha," Jaromír akasema.

Zdenka hakuwahi maishani mwake kugusa sindano katikati ya muziki. Akainyanyua, akairudisha. Kikohozi kikaja tena, mara tatu, na mluzi.

"Tena."

"Mnasikiliza kikohozi tu?" Kocourek akauliza. "Na selo je?"

"Selo nitaisikiliza baadaye, mzee," Jaromír akasema. "Niache kwanza nikae na mama."