Mjumbe Aliyeozea Mezani

Mjumbe hauawi, walisema wahenga. Wa mke wangu aliuawa, tena na watu wenye digrii ukutani.

Mke wangu miguu ilikuwa inamwishia nguvu. Mimi ni mwashi, shule niliiacha njiani, kwa hiyo daktari akanieleza kiuashi.

"Mzee, jeni ni ramani ya nyumba, haitoki ofisini. Hutolewa nakala, inaitwa RNA mjumbe, ndiyo inayopelekwa kwa mafundi wajenge protini. Kwenye ramani ya mama tumeona doa."

"Basi mshajua."

"Bado. Hatujui mafundi walipewa nini. Nakala ndiyo itasema."

Wakamkata kinyama pajani. Nakala hiyo huoza upesi kuliko dagaa, inataka baridi kali. Friji lenye baridi hiyo lilipigwa kufuli, na ufunguo alitembea nao bosi wa maabara, maana hamwamini mtu. Siku ile bosi yuko semina, anakula biskuti. Kinyama kikashinda mezani. Walipokuja kukipima, hamna kitu. Kabla hajakatwa tena, ugonjwa ukampanda kifuani, nikamzika.

Binti yetu wakati huo alikuwa anaruka kamba. Doa analo, alirithi, lakini nani angempa dawa kwa doa ambalo hakuna aliyejua maana yake?

Sasa ni mtu mzima, na mwaka huu ameanza kushika ukuta akitembea.

"Baba, usinikodolee macho. Mimi si ukuta uliopinda."

"Ungekuwa ukuta ningekubomoa, nikaanza upya."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Akakatwa naye, safari hii kinyama kikawekwa kwenye baridi papo hapo. Jibu likaja: nakala inaruka kipande, mafundi wanajenga protini pungufu.

"Dawa ipo," daktari akasema. "Inazuia, hairudishi kilichopotea. Tungejua tangu enzi za mama yake…"

"Nani alizuia msijue?"

Akakuna shingo. "Ni mambo ya utawala, mzee."

"Huo utawala hauna mtoto?"

Tukatoka. Lifti mbovu, tukashuka kwa ngazi, binti kanishika bega kwa mikono miwili. Nikaanza kumlaani bosi yule, yeye na ukoo wake.

"Baba, laani ukifika chini. Utatuangusha."

Nikafunga mdomo, nikapapasa kwa mguu ngazi inayofuata.