Nyigu Mwenye Barafu

Ofisini kazi yangu ni kupokea picha za nyigu wageni, wale wakubwa wanaokata nyuki vichwa. Asubuhi ile picha ilitoka kwa fundi cherehani, jirani wa shangazi yangu. Nyigu alilala juu ya sahani, mbawa zimeganda barafu. Chini fundi aliandika: "Nimemkuta kwenye mizinga ya jirani."

Barafu ile ilinitia wasiwasi. Nyigu wa mizingani anatoa wapi barafu? Nikithibitisha, mizinga ya shangazi itahamishwa yote, na mizinga hiyo ndiyo iliyonilea.

Nikamfuata kibandani.

"Shikamoo, fundi. Huyu nyigu umemtunza tangu lini?"

"Marahaba. Si nyinyi mnaotangaza redioni tumgandishe kwenye friji kwanza, asije akatuuma?"

Ni kweli, tangazo ni letu. Mimi hupokea picha tu, sijawahi kulisikiliza.

"Lakini uwanja wa shangazi, palipo mizinga, unautaka," nikasema.

"Nautaka, nani asiyeutaka? Ila nyigu sikumzaa mimi." Akakata uzi kwa meno. "Kamuulize shangazi yako, stoo imeanza lini kufungwa kufuli?"

Shangazi alinipokea getini. Kigoda akakiweka hapo hapo, chai akaileta hapo hapo.

"Ndani pachafu, mwanangu."

Pachafu, kwa mwanamke anayeosha hadi sabuni.

"Fundi kakutuma?" akauliza. "Huyo ana roho ya mkasi."

Nikainuka kama naenda kunawa, nikasimama mlangoni pa stoo. Ndani kulikuwa na mvumo. Nimekulia kwenye sauti ya nyuki. Huu ulikuwa mzito, mkavu, kama mtu anayesaga meno.

"Fungua, shangazi."

"Umekuja kama mwanangu au kama ofisi?"

Nikanyoosha mkono kuomba ufunguo.

"Wako darini tu," akasema polepole. "Nilidhani watahama wenyewe. Mkijua, mtanichukulia nyuki wangu."

"Tutawahamisha. Nyigu wakibaki, hakutakuwa na nyuki wa kuhamisha. Wala kwako, wala kwa watu wengine."

Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa asichokiamini. Kisha akatoa ufunguo kifuani, akaniwekea kiganjani bila kunigusa.

Nilipiga simu ofisini kabla ya kufungua, maana nilijijua: nikianza kuingia, nitamhurumia. Shangazi alisimama pale pale akinisikiliza nikitaja mtaa wake, halafu jina lake.