Bwana Mkate Apeleka Choo Maabara

Mtu mzima, mwenye wajukuu na akili zake timamu, kumwomba Mungu akutwe na minyoo! Lakini ndivyo alivyoomba mwoka mikate wa mtaa ule, ambaye hata mkewe alimwita Bwana Mkate. Tena aliomba kwa moyo wote.

Miezi minane tumbo halikuwa limempa raha. Akila mkate, tumbo linajaa upepo, linanguruma, halafu ni mbio za chooni na aproni inapepea nyuma. Mwisho akaacha kabisa kuonja mikate yake mwenyewe. Miaka thelathini na mbili anaoka, leo amsogelee mkewe na kuuliza, "Chumvi imekolea?" kama mteja mgeni. Hilo lilimuuma kuliko tumbo lenyewe.

"Tuanze na kipimo cha choo," daktari alimwambia. "Tukikuta vijidudu, ni vidonge tu, utapona. Kikitoka safi, mzee wangu, tutapima na damu, maana hapo nitaanza kuishuku ngano."

"Na ikiwa ni ngano?"

"Basi mkate ndiyo kwaheri. Na kushinda kwenye vumbi la unga, hilo pia itabidi tuliangalie."

Bwana Mkate alitoka pale akijiuliza. Aache kazi? Aamke alfajiri kufanya nini, kuhesabu mbu? Ndipo akaanza maombi yake: minyoo, amiba, chochote kile, mradi isiwe ngano.

Maabara walimpa kikopo kidogo chenye kijiko kifunikoni. Alikitazama akaona anadharauliwa. Ugonjwa wa miezi minane utaenea humu? Alfajiri iliyofuata akachukua kopo jeupe la kiwandani kwake, jipya, lenye kifuniko cha kubana, akalitumia hilo. Na kwa kuwa maabara hufunguliwa saa mbili, naye ameambiwa choo kisikae kwenye joto, akalitia kwenye friji ya hapo kiwandani.

Sasa friji ile ilikuwa na sheria yake. Kila kopo lilibandikwa utepe wenye tarehe na saa, basi. Kilichomo hakiandikwi, kwa sababu humo hakikuwahi kukaa kitu kingine zaidi ya chachu: unga na maji vilivyochachuka, vinavyoumua mikate yake tangu siku ya kwanza. Bwana Mkate, kwa mazoea ya mkono, akaandika tarehe, akaandika saa kumi na moja na nusu. Kando yake palikuwa na kopo la chachu aliyoiongezea unga saa ile ile, lenye utepe kama huo huo.

Saa mbili kamili alikuwa maabara, amevaa shati la kutokea. Akakabidhi kopo, akaketi kwenye benchi. Baada ya muda mtaalamu wa maabara, binti mwenye miwani, akachungulia dirishani.

"Mzee, hebu njoo. Jana ulikula nini?"

"Wali na maharage. Kwani kuna nini?"

"Nimetazama kwenye hadubini mara tatu. Humu kuna hamira na bakteria, wamejaa tele, na wanga mtupu. Hakuna dalili kwamba kitu hiki kimewahi kupita kwa binadamu. Na kinanukia vizuri."

Kwanza Bwana Mkate aliogopa, akadhani tumbo lake limesahau kazi kabisa. Kisha ile "kinanukia vizuri" ikamwingia. Mungu wangu! Kama chachu iko hapa, basi kule kwenye friji...

Akapiga simu hapo hapo. Saa hizi mkewe huwa anakanda unga wa mikate ya mchana.

"Mke wangu! Lile kopo la saa kumi na moja na nusu, usilifungue!"

Ikaja sauti ya mkewe, taratibu, ile ambayo watoto wao wakiisikia hukimbia. "Nimeshalifungua."

"Umelimimina?"

"Mimi nimimine kitu bila kukinusa? Miaka yote hii umeniona nikimimina bila kunusa? Bwana Mkate, ulitaka kunizimisha! Umeweka nini kwenye friji yangu?"

Akamweleza. Halafu akasikia mkewe akicheka, kicheko cha kukosa pumzi, mpaka na yeye akaanza kucheka pale dirishani, na binti wa maabara akavua miwani kufuta machozi.

Nusu saa baadaye mkewe akaingia, kopo ndani ya mifuko mitatu, mkono ameunyoosha mbele kama amebeba nyoka.

"Chukua mali yako," akasema. "Na friji nimeimwagia maji ya moto, na chachu yote iliyobaki nimeitupa."

"Iliyoko huku ndiyo imesalia," binti akasema, "lakini nimeshaichokonoa, siwarudishii. Mtaanza upya."

Wakangoja. Bwana Mkate, kicheko kimekwisha, akaushika mkono wa mkewe mbele za watu bila aibu. Binti akarudi na karatasi.

"Mzee, una vijidudu vinaitwa giadia. Vingi. Hutokana na maji yasiyochemshwa."

"Una hakika?"

"Vimejaa tele, nimeviona kwa macho yangu."

"Nina vijidudu!" Bwana Mkate akaruka. "Mke wangu, nina vijidudu!" Akamkumbatia mama mmoja asiyemjua, aliyekuwa ameshika kikopo chake, na mama wa watu akasogea pembeni haraka.

"Nilikwambia uache kunywa maji ya tangi kwa kata," mkewe akasema, naye analia.

Daktari akampa vidonge, akampa na somo: tumboni kuna umati wa bakteria wema wanaosaidia chakula kusagika; umati huo ulikuwa umevurugwa, atulie ujijenge. Hilo Bwana Mkate hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Chachu mpya aliyoianzisha siku ile nayo ilikuwa inataka subira.

Wiki tatu zikapita. Kipimo cha pili, kilichokwenda ndani ya kikopo kidogo cha maabara na jina juu yake, kikatoka safi. Kesho yake mkate wa kwanza wa chachu mpya ukatoka kwenye tanuri. Mkewe akaukata, akampa ile ncha ngumu aipendayo. Akatafuna taratibu, macho ameyafumba.

Wakakaa, wanaitazama saa ya ukutani. Dakika kumi. Ishirini. Mara tumbo likanguruma, kwa sauti kubwa. Mkewe akashika mdomo.

Bwana Mkate akalisikiliza, mkono juu ya kitambi. Kisha akasukuma sahani mbele.

"Hii ni njaa," akasema. "Kata kipande kingine. Na chumvi umepunguza."