Lesi Juu ya Betri

Tangu Boaz auze pikipiki yake ya petroli na kuchukua ya umeme, wenzake wa steji ya bodaboda ya Olympic, Kibera, walikuwa wanamcheka bila kuchoka. Walimwita Bwana Pasi, kwa kuwa pikipiki yake ilitumia umeme kama pasi ya nguo. Akipita bila mlio, hakukosekana mmoja wa kuuliza kama huyo ni mtu au ni upepo. Boaz alivumilia. Hakunuka mafuta tena, na siku petroli ilipopanda bei yeye ndiye alicheka. Lakini wiki ya harusi ya Lavender maneno yao yalimchoma kweli.

Lavender alikuwa mwanawe wa pekee, na Jumamosi hiyo angeolewa kanisani Kawangware. Steji yao ina desturi yake. Binti wa mwanachama hapelekwi kanisani kwa gari. Anapandishwa pikipiki, na wanachama wote wanafuata wakivuta moto, injini zikinguruma, mpaka Kibera nzima ijue kuna harusi.

"Boaz, wacha nikuambie ukweli," alisema Mutie, mwenyekiti wa steji. "Lavender nitambeba mimi. Nduthi ya mbele lazima ingurume. Harusi bila kelele si itakaa matanga?"

"Huyu nimembeba tangu nasari. Mimi ndio nitampeleka."

"Na hiyo pasi?"

"Na hii hii pasi."

Wakaachana wamenuniana. Kinywani Boaz alikuwa jasiri, ila moyoni aliogopa sana kumwaibisha mtoto mbele ya wakwe.

Jumamosi asubuhi alibeba viti na kreti za soda, safari baada ya safari, mpaka betri ikabaki na chaji kidogo. Akasema ataoga kwanza, halafu akabadilishe betri kituoni, apewe iliyojaa. Kumbe dada yake Kageha, fundi cherehani asiyependa kuingiliwa, alikuwa anamngoja aingie bafuni. Boaz alipotoka, kiti kizima kilikuwa kimevikwa lesi nyeupe, iliyoshonwa kwa mkono kuzunguka pikipiki mpaka chini, betri ikiwa imefungiwa ndani kabisa. Hata kidole kisingepenya.

Boaz akafungua mdomo. Akamwona Kageha anavyoitazama kazi yake kwa fahari, akaufunga. Wapo waliowahi kukosoa mshono wa Kageha, na hakuna aliyerudia. Akajipa moyo kwamba chaji itafika.

Haikufika. Walipoingia Kabiro, huko huko Kawangware, pikipiki ilianza kuvuta miguu, kisha ikasimama katikati ya barabara na bibi harusi mgongoni. Nyuma yao msafara mzima ukasimama, injini zikinguruma.

Mutie akasogea na pikipiki yake. Alikuwa na kila sababu ya kucheka, lakini hakucheka. "Lavender, panda huku twende."

Boaz alishindwa hata kuinua macho. "Enda tu, mama," akamwambia binti yake. "Usichelewe kwa sababu yangu."

Lavender hakushuka. "Chairman, mahali pa kubadilisha betri ni wapi?"

"Ni hapo mbele tu."

"Basi tusukume."

Mutie akamtazama, akacheka, akakanyaga nyuma ya pikipiki ya Boaz kwa mguu mmoja, vile wanavyosukumana mmoja akiishiwa mafuta, akavuta moto. Petroli ikasukuma umeme pale Kabiro, na akina mama wakatoka vibandani wakipiga vigelegele, wakidhani ndivyo ilivyopangwa.

Kageha aliwakuta kwenye kituo cha betri, ameshuka pikipiki ya nyuma akiwa moto. "Nani amegusa lesi yangu?"

"Hakuna," Boaz akasema. "Betri iko chini yake. Nilijua tangu asubuhi, dada. Nilikuogopa."

Kageha alimwangalia, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Na mvi zote hizo bado unaniogopa?" Akatoa makasi mkobani, akaikata lesi yake mwenyewe bila huruma. Lavender akaokota vipande, akavifunga kwenye vioo vya pikipiki za wanachama, akianzia kwa Mutie.

Betri ikabadilishwa upesi. "Sisi tunatangulia kumtuliza pasta," Mutie akasema, na kundi likaondoka na kelele zake zote.

Ikabaki njia ya vumbi kati ya nyumba za mabati, na wao wawili. Miaka yote ile ya kumbeba hawakuwahi kuzungumza njiani, kwa sababu injini haikuwapa nafasi. Leo Boaz alisikia hata gauni likipeperuka.

"Baba, unalia," Lavender akasema karibu na sikio lake.

"Ni vumbi."

"Vumbi haina kwikwi. Nakusikia."

Boaz akacheka huku machozi yakimtoka. Kwenye pikipiki ya petroli angelia mpaka mlangoni pa kanisa na asijue mtu.

"Enda polepole," Lavender akasema, akamkumbatia kiunoni. "Hao watangoja."

Boaz akapunguza mwendo.